Ndimu za Mafundi

Siku ya tatu ya matanga ya shangazi yangu Mwajuma, mwanamke mnene aliyevaa kitenge cha kijani aliingia uani, akavua viatu kabla hajaambiwa, akaja kukaa mkekani karibu nami bila kuuliza njia. Sikumtambua. Nilimtambua alipotabasamu, na hata hapo si kwa meno, maana meno yale hayakuwa yake. Yalikuwa yamepangika mno na meupe mno, meno ya kununua. Nilimtambua kwa namna anavyoinamisha kichwa upande wa kushoto kabla ya kutabasamu. Alikuwa Espérance. Kwa miaka karibu thelathini nilikuwa nimemweka pamoja na wale waliokufa au waliohamia mbali, ambao sisi watu wa Bujumbura tulijifunza kuwatia kapu moja ili tuweze kulala. Alinipa pole, akala tende mbili, akauliza marehemu aliugua nini. Halafu akanisogelea, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Zaina, mi nimekuja kumusamehe Mama Mwajuma. Sitaki aende na ile kintu bila mutu kumusamehe." Nikamuuliza kitu gani. Akanitazama kwa mshangao, akidhani najifanya sijui. "Ile sumu," akasema. "Ile mulikuwa munanitilia."

Wazee wangu walifikaje mtaa wa Buyenzi, nani alimuoa nani, hayo nayaacha. Nataka mwaka mmoja tu, ule wa vikwazo vya nchi jirani, 1996, vita ikiwa imeshatimiza miaka mitatu. Mipaka ilipofungwa, vitu vilianza kupotea madukani. Ilianza petroli, na baada yake gundi nyeupe ya kopo ambayo mume wa shangazi, Mzee Juma, aliitumia kuunganishia makabati na vitanda. Mzee Juma hakuwa mtu wa kukaa akilalamika. Alirudia ufundi aliofundishwa ujanani: akachukua vipande vya ngozi na kano kwa wachinjaji, akavilowesha kwenye maji ya chokaa, akavichemsha kwa moto mdogo kutwa nzima, akachuja, mpaka akapata uji wa rangi ya asali unaoganda ukipoa. Harufu yake ilikaa kwenye mapazia, kwenye nywele, kwenye daftari zangu. Chuoni wenzangu walikuwa wakihama benchi. Mafundi wake watatu, kila walipomaliza kazi saa kumi, walikata ndimu kutoka kwenye ndoo iliyokaa mlangoni pa stoo ya gundi, wakajisugua mikono mpaka viwikoni ili wake zao wakubali kuwakaribia. Maganda waliyatupa hapohapo chini, na sisi wasichana tukayafagia.

Ndani ya stoo hiyo ndimo tulimomficha Espérance. Tulikuwa mwaka mmoja wa masomo chuo kikuu, yeye na mimi, tukisomea biolojia. Alikuwa amepanga chumba Kamenge mpaka mtaa ule ukabaki kuta, na tangu hapo, kwa kuwa watu wa kabila lake walikuwa wakisakwa, alikuwa akihamahama, wiki kwa huyu, wiki kwa yule, hadi asubuhi moja ya Agosti akatokea uani kwetu na mfuko wa vitabu. Shangazi hakumuuliza kitu. Alimwangalia, akamwangalia Mzee Juma, akaanza kuhamisha ngozi kutoka upande mmoja wa stoo ili kupatikane nafasi ya godoro. Vijana wa mitaa ya jirani walikuja mara mbili kupekua nyumba yetu, na mara zote mbili walifika mlangoni pa stoo, wakafunika pua, wakageuka. Mzee Juma alicheka wiki nzima. Alisema hajawahi kuona askari anayeshindwa na sufuria.

Mwaka huohuo kuhara damu kuliingia mjini na kuzoa watu. Shangazi akaweka sheria: chochote kinachoingia stoo kiwe kimechemka. Usimwone mjinga. Mtu uliyemficha akianza kuhara, utampeleka wapi? Hospitali kuna mlinzi anayeuliza jina na kwenu ni wapi, na choo chetu kilionekana wazi kutoka kwa jirani, kiasi kwamba Espérance alikitumia alfajiri na magharibi tu. Kwa hiyo alipikiwa kama mgonjwa kabla hajaugua. Sombe, yale majani ya muhogo ya kutwanga, ilikaa motoni tangu adhuhuri hadi alasiri, mpaka kijani kikageuka cheusi, na fungu la Espérance likarudishwa motoni mara ya pili. Ugali wa muhogo, maharage, ndagala, wale dagaa wa ziwani, wakavu, chai kavu. Hakuna embe, hakuna nyanya mbichi, hakuna chungwa lililoshikwa na mikono ya sokoni. Sisi wengine tulikula chakula hichohicho, lakini sisi tulikuwa tunatoka. Mimi nilikula maembe njiani, nikanyonya marakuja, yale matunda ya pasheni, nikisubiri mwalimu, nikarudi nyumbani nimejipangusa mdomo. Hatukumnyima. Tulimlinda, tena kwa bidii, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Kila alasiri nilimpelekea nilichonakili darasani. Ajabu ni kwamba yeye, aliyekosa masomo yote, ndiye aliyenifundisha mimi. Alikuwa na akili kuliko sisi sote na alilijua hilo. Aliniambia mimi nakariri, sielewi. Siku tuliyofika kwenye kolajeni alinikalisha mbele yake juu ya gogo, akanifumua nywele na kuzigawa mafungu matatu. Hii ndiyo protini iliyo nyingi kuliko zote mwilini mwako, alisema, na imeundwa hivi: nyuzi tatu, kila mmoja umejipinda peke yake, halafu zote tatu zinasokotana kuelekea upande mwingine. Alikuwa akisuka huku akihesabu. Katika kila uzi, kila asidi amino ya tatu lazima iwe glisini, kwa sababu pale katikati nyuzi zinapokutana hakuna nafasi, na glisini ndiyo ndogo kuliko zote. Weka kubwa hapo na msuko wote unavimba na kukatika. Misuko hiyo hujipanga kwa kupishana, ikafungwa ubavu kwa ubavu, na ndiyo maana kano hubeba uzito, mfupa hauvunjiki ovyo, mishipa ya damu haivuji, na jino hukaa mahali pake. Akaelekeza kidole kwenye sufuria ya Mzee Juma. Na ile pia ndiyo yenyewe, alisema. Moto umeifumua, nyuzi zimelala ovyo, zikipoa zinaganda. Hata jina lake limetoka kwenye neno la Wayunani la gundi. Tulicheka, wasichana wawili tunaoishi katikati ya somo letu na kulinusa mchana kutwa.

Mwishoni mwa ukurasa ule kulikuwa na mistari mitatu kuhusu vitamini C. Alinisomesha kwa sauti mpaka nikaweza kusema bila kuangalia: kwamba prolini nyingi kwenye nyuzi zile lazima kwanza zibadilishwe kidogo ndipo msuko ushike, kwamba kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo husimama vitamini C ikikosekana, na kwamba bila hiyo nyuzi hufumuka kwa joto la mwili wenyewe. Alifunga ncha ya msuko wangu kwa uzi mweusi, akasema hiyo vitamini C ndiyo huu uzi, usipoufunga kazi yangu yote ya leo ni bure. Nilienda na nywele zile chuoni kesho yake. Sijui kama kuna watu wawili katika nchi nzima waliolijua somo lile vizuri kuliko sisi mwezi ule.

Ilipofika Desemba alianza kusema amechoka. Tulidhani ni kukaa ndani. Magoti yakamuuma, akawa anatembea stoo akishika ukuta. Vidoa vyekundu vidogovidogo vikatokea miguuni, kwenye mizizi ya vinyweleo. Halafu fizi zikavimba, zikawa za zambarau, ikawa akiuma tonge la ugali linabaki na damu. Jino la kwanza lilimtoka bila maumivu. Alilitema kiganjani, akalitazama, akalifunga kwenye karatasi. Lakini kilichomtisha si meno. Alikuwa na kovu muundini, alichomwa na bomba la pikipiki ya kaka yake akiwa na miaka minane, kovu la siku nyingi, laini, ambalo alizoea kulikuna akisoma. Lile kovu likafunguka. Lilianza kwa kulowa pembeni, na baada ya wiki lilikuwa kidonda kibichi kana kwamba amechomwa jana. Aliniita nilione, akaniuliza, "Zaina, mutu anaweza kurudiliwa na kidonda cha utoto?" Nikamwambia ni unyevu wa stoo.

Miaka yote hii ninayofundisha shule ya sekondari, nikifika hapo huwaambia wanafunzi kwamba kovu si jambo lililokwisha. Mwili haulifungi na kulisahau. Kolajeni ya kovu huliwa na kujengwa tena kila siku, maisha yote, na siku vifaa vikikosekana, kubomoa kunaendelea na kujenga kunasimama. Wao huandika. Siwaambii nimelijuaje.

Alasiri moja ya Januari mafundi walikuwa wakijisugua mikono nje, na harufu ya ndimu ikapenya kwenye mbao za mlango. Espérance alikuwa amelala. Akafungua macho, akasema, "Nipatie ndimu moja. Hata kipande. Kinywa yangu inataka kintu kikali, mi naota ndimu." Nilitoka. Niliinama kwenye ndoo, nikachukua moja, nikaishika mkononi, ndogo, ngumu, ya kijani. Na hapo nikakumbuka, si chuo, bali malezi. Hakuna msichana aliyelelewa Buyenzi asiyejua kwamba ndimu inakausha damu. Tulikatazwa ndimu siku zetu za mwezi, tulikatazwa tukiwa na upungufu wa damu, wazazi walikatazwa wakitoka kujifungua. Na huyu alikuwa akitoka damu mdomoni na mguuni, amepauka mpaka viganja. Niliirudisha ndimu kwenye ndoo. Nikaingia, nikamwambia, "Apana. Ndimu inakausha damu, na we damu inakutoka kila siku. Nitakuua." Aliniomba tena siku ya pili, na siku ya tatu, kisha akaacha. Hakubishana. Kwao pia walimwambia hivyohivyo tangu utotoni.

Yaliyofuata sina pa kuyapakia rangi. Nilimsikia shangazi na Mzee Juma wakizungumza nyuma ya pazia juu ya ule ugonjwa uliokuwa ukikondesha watu mjini, wakiutaja kwa kutoutaja. Shangazi aliuliza kama unashika kwa vyombo. Mzee Juma alisema hajui, lakini kwenye nyumba kuna watoto. Kesho yake kikombe cha Espérance kilipata uzi mwekundu kwenye kishikio ili kisichanganyike na vingine. Niliufunga mimi. Mimi, mwanafunzi wa biolojia. Shangazi, kwa upande wake, hakukata tamaa na mgonjwa wake. Alikausha majani ya mwarobaini, akayasaga unga, akawa anamtilia kwenye chai kidogo kidogo, akimpa mgongo ili asione na kukataa kwa uchungu wake. Mlango wa stoo ulikuwa wa mbao zilizoachana. Espérance aliona.

Mwezi wa pili ulipoanza alinipa barua iliyokunjwa ndogo sana, ya kumpelekea kaka yake Deo, makanika aliyekuwa upande wa Ruziba, kusini mwa mji, na mama yao. Aliniomba nimpe muuza ndagala aliyekuja kutoka huko kila wiki. Sikuisoma. Nakiri kwamba niliibeba kwa moyo mwepesi, kwa sababu nilikuwa nimechoka kunusa kidonda kile, na nilikuwa na mitihani. Alhamisi iliyofuata Deo alifika na baiskeli, mchana, amevaa kofia ya kufuma, akijifanya amekuja kuagiza kitanda. Mzee Juma alimsihi waahirishe safari, njia ya kusini ilikuwa na kizuizi. Deo alisema dada yake hatakaa pale hata siku moja zaidi. Hakutuangalia usoni, na nilidhani ni hofu. Shangazi alimfunika Espérance mtandio wake mwenyewe, akampandisha nyuma ya baiskeli. Muuza ndagala ndiye aliyetuletea habari: kizuizini walimwacha msichana apite, mgonjwa mno, hawakutaka kumgusa, wakamuuliza Deo maswali mawili, wakambakiza. Espérance alimaliza njia kwa miguu, akiegemea baiskeli. Tulilia, lakini kilio cha mwaka ule, cha kupangusa uso na kurudi jikoni. Ilikuwa vita. Sikuwahi kuuliza kwa nini Deo alikuja siku ile.

Jumatatu iliyofuata nilikaa kwenye mtihani wa biokemia. Swali la pili lilitaka muundo wa kolajeni, kazi yake mwilini, na yanayotokea vitamini C ikikosekana. Niliandika haraka, nikisikia vidole vyake kichwani. Nyuzi tatu. Glisini kila ya tatu. Nikafika mwisho, nikaanza kuorodhesha dalili: uchovu, maumivu ya viungo, vidoa vyekundu kwenye vinyweleo, fizi kuvimba na kutoka damu, meno kung'oka, makovu ya zamani kufunguka. Nilipoandika neno kufunguka, mkono wangu ulisimama. Nilisoma nilichoandika kuanzia juu. Sikuwa nimeandika ya kitabuni. Nilikuwa nimemwandika yeye, kila kiungo. Na dawa yake nilikuwa nimeishika mkononi, nikairudisha kwenye ndoo. Ningependa kusema nilitoka nje ya chumba kile, nikapiga kelele, nikakimbilia Ruziba. Nilitazama saa ya ukutani, nikaendelea na swali la tatu. Nilikuwa wa kwanza darasani. Mwalimu alilisifu jibu langu la kolajeni mbele ya wote, akasema linaonyesha mwanafunzi aliyeelewa, si aliyekariri.

Kwa hiyo matangani, mkekani, nilipomsikia akitaja sumu, nilijua mara moja amefika wapi na kwa njia gani, kwa sababu alikuwa bado na akili yake ile. Alinipangia ushahidi. Alipofika Ruziba mama yake hakuwa na kitu ila mapera na maembe ya kuanguka, akamlisha hayo. Siku ya tatu damu ilikauka kwenye fizi. Baada ya wiki mbili kidonda kilikuwa kimefunga. Akiwa kwetu alioza. Alipoondoka kwetu alipona. Unga aliuona kwa macho yake. Kikombe chenye alama alikinywea. "Njo maana nilimuandikia Deo," akasema. "Nilimuambia wananiua polepole, kuja unichukue. Akakuja." Halafu akasema kwamba kwa miaka mingi alimchukia shangazi, baadaye akaelewa kwamba vita iliwafanya watu wawe vile, na alipata amani kwa sababu moja tu: Deo alimwokoa. Deo alikufa, lakini yeye alitolewa kwenye mikono ya wauaji, na hilo si jambo dogo.

Mbele yetu walikuwa wameweka sinia la pilau, na pembeni yake, kama kawaida yetu, kisahani cha ndimu zilizokatwa. Ningeweza kunyamaza. Ningemshukuru kwa msamaha wake, ningemsindikiza mpaka barabarani. Lakini shangazi yangu alikuwa na siku tatu kaburini, mwanamke aliyehamisha ngozi zinazonuka kwa mikono yake ili mtoto wa watu apate pa kulala, na mtu pekee aliyemwokoa katika vita nzima alikuwa akimsamehe kwa kumwua. Sikuweza. Nilimweleza yote. Mwarobaini. Sheria ya kuchemsha. Uzi mwekundu, kwamba ni mimi. Nikamkumbusha ile alasiri aliyoomba ndimu, na nikamwambia kwamba hakukuwa na sumu wala ule ugonjwa mwingine. Kulikuwa na mistari mitatu mwishoni mwa ukurasa, na ndoo hatua tatu kutoka kwenye godoro lake.

Alitazama kisahani. Wanawake wengine walikuwa wakiongea juu ya bei ya mchele. Kisha akauliza nilijua lini, nikamwambia kwenye mtihani, Jumatatu ile. "Deo alikufa Alhamisi," akasema. Nikasema ndiyo. "Na ile page, mi njo nilikufundisha." Nikasema ndiyo. Nilimwona akihesabu, kama alivyohesabu nywele zangu, na nikaona alipofika mwisho wa hesabu: kwamba hakukuwa na wauaji wa kuokolewa mikononi mwao, kwamba kaka yake alipanda baiskeli kuja kumtoa mahali salama, kwa barua yake mwenyewe, na kwamba yeye pia alilijua jibu. Akasimama. Aliwaaga wanawake mmoja mmoja, kwa adabu, akavaa viatu vyake mlangoni. Nilimfuata. Aligeuka, na safari hii hakuinamisha kichwa.

"Zaina," akasema, "ungeniachia tu ile sumu."